Anachekesha Tu: Lee Marvin, Farasi Wake na Picha ya Cat Ballou

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Wanangu wa darasa la uigizaji, sogeeni mbele, viti vipo.

Wanaonijua wanajua nimekuja kugombana na neno moja. Lina herufi mbili: tu. "Huyu anachekesha tu." Nimelisikia tangu nilipoanza kazi hii. Miaka ya nyuma nilikaa kwenye jopo la majaji wa tamasha fulani, tukafika kwenye jina la mzee mmoja aliyeuvunja mbavu ukumbi mzima, mpaka mama wa watu akatoka nje ameshika tumbo. Mwenzangu akafunga faili, akasema, "Ni mzuri, lakini anachekesha tu." Tuzo ikaenda kwa kijana aliyelia dakika kumi mfululizo. Kijana alilia vizuri, simnyimi haki yake. Ila mimi usiku ule sikulala.

Ndiyo maana leo nimekuja na Cat Ballou, picha ya kaboi ya mwaka 1965, mwongozaji Elliot Silverstein. Hadithi sitawasimulia yote, mtaiona nikishakaa. Binti mwalimu, Catherine, anarudi kwao Wyoming mwaka 1894, anakuta wakubwa wa mji wanataka kumnyang'anya baba yake shamba. Wamekodi muuaji mwenye pua ya bati, maana ya kwake iling'atwa ikang'oka kwenye ugomvi. Baba anauawa, sheria inageuza uso, binti anakuwa jambazi. Sasa niambieni, hapo kuna kichekesho gani? Hakuna. Riwaya yenyewe ya Roy Chanslor, iliyotoka mwaka 1956, haikuandikwa kuchekesha mtu. Huo ni msiba, na msiba huo ndio tunaoucheka saa moja na nusu.

Anayeubeba ni Lee Marvin. Anaigiza Kid Shelleen, bingwa wa bastola ambaye binti amemsoma kwenye vitabu vya senti kumi na kumwita aje amlinde baba yake. Na hapa naomba mnivumilie, maana nitakaa.

Kila mwaka nawapa wanafunzi zoezi la mlevi. Kila mwaka wananiletea kitu kile kile: anapepesuka, anaburuza ulimi, anarembua macho, anajiangusha. Darasa linacheka mara ya kwanza, mara ya pili kimya. Nawaambia, nendeni mkamtazame mlevi mwenyewe. Mtaani kwetu alikuwepo fundi seremala, Mungu amrehemu. Anarudi usiku wa manane, mlango umefungwa, anatoa ufunguo. Hayumbi hata kidogo! Anasimama wima kama askari wa gwaride. Anaushika ufunguo kwa vidole viwili, anafumba jicho moja, anausogeza taratibu, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Ufunguo unagonga ubao, shubiri nzima kutoka kwenye tundu. Anarudisha mkono. Anaweka kola ya shati sawa. Anaanza upya. Sisi watoto tumejibanza nyuma ya pipa la maji, tumezibana midomo. Yule mzee hakuwa anaonyesha ulevi. Alikuwa anaonyesha uzima, kwa nguvu zake zote. Kicheko chetu kilikuwa pale, katikati ya anachokitaka na kinachotokea.

Basi mtazameni Marvin. Anafika kwa gari la farasi, lakini hakuketi na abiria. Buti la mizigo linafunguliwa, anadondoka kama gunia la mkaa. Wanamwinua, wanamwomba awaonyeshe ubingwa wake. Anachomoa bastola, suruali inashuka. Analenga banda, jamani, banda zima, siyo kopo, na analikosa! Wanampa chupa. Anakata mafunda, mabega yanapanda, mkono unatulia, na kila anachokilenga sasa kinaanguka. Kwa muda mfupi mnamwona yule bingwa wa vitabuni amesimama mbele yenu. Anaongeza funda, mkono unakwenda zake, bingwa amekwisha. Hajasema mzaha wowote. Mtu ameonyeshwa alivyokuwa, akanyang'anywa palepale, na sisi tunacheka machozi yakitutoka.

Halafu kuna mishumaa. Mzee Ballou, baba wa binti, amelazwa kwenye jeneza, mishumaa inawaka pembeni. Shelleen anaingia chakari, anaiona mishumaa, uso unamng'aa kwa upendo wa kweli, anaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, kisha anaizima kwa pumzi. Mwigizaji dhaifu angetukonyeza pale, angetupa ishara kwamba anajua amekosea. Marvin hakonyezi. Shelleen anaamini kabisa kwamba amefika kwenye sherehe na anawatakia wenyewe heri. Mjaribu kuigiza hivyo mbele ya maiti bila kuleta kufuru. Nimejaribu jukwaani, nimeshindwa mara mbili.

Na farasi. Mtamwona Shelleen amelala juu ya farasi, kichwa kimeanguka, farasi ameegemea ukuta, miguu ameipishanisha, naye kama ametoka kunywa. Picha ile imezunguka dunia. Najua kuna atakayeninong'oneza, "Mwalimu, pale kazi ilikuwa ya aliyemfunza farasi." Sawa! Marvin mwenyewe alilisema. Tarehe 18 Aprili 1966 alipopokea Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, alisema nusu ya tuzo ile ni mali ya farasi fulani huko bonde la San Fernando. Watu walicheka. Mimi nalichukua kama lilivyo. Fundi anajua nani walimshikia ngazi.

Lakini hebu tazameni aliowashinda usiku ule. Laurence Olivier kwa Othello. Richard Burton aliyeigiza jasusi aliyechoka na dunia. Rod Steiger aliyeigiza mzee aliyetoka hai kwenye kambi za Wanazi. Oskar Werner aliyeigiza daktari mwenye moyo unaokufa, kwenye picha ambayo Marvin naye alikuwemo. Waliolia wote walikuwepo, tena waliolia kwa ustadi mkubwa. Kura zikaenda kwa mlevi wa kaboi. Wapigakura wale waliona kitu ambacho mwenzangu wa jopo hakukiona.

Mwingine atasema, "Ah, Marvin alikuwa mnywaji hata nyumbani kwake." Ilijulikana, sipingi. Fundi wangu seremala naye aliijua pombe, na nawahakikishia asingeweza kurudia tukio lile lile mara kumi, asimame kwenye alama iliyochorwa chini, adondoke kwa upande ambao kamera ipo. Marvin alikuwa askari wa wanamaji, alijeruhiwa vitani kisiwani Saipan mwaka 1944. Alijua silaha, aliujua mwili wake. Kabla ya Cat Ballou, kwenye sinema mara nyingi walimpa uadui, miaka na miaka. Mwaka 1962 ndiye aliyekuwa Liberty Valance, jambazi wa picha nyingine ya kaboi, akiutisha mji mzima kwa mjeledi. Utisho ule ule ndio anaoutumia kwenye Cat Ballou, maana yule muuaji mwenye pua ya bati pia ni yeye! Watu wawili, mwigizaji mmoja. Na kwa muuaji hatanii hata sekunde moja. Pua inachekesha, macho yanatisha, hujui ucheke au ujifiche chini ya kiti.

Mtaniuliza, mbona mbali hivyo, Wyoming? Tulikuwa naye Mzee Majuto wetu wa Tanga. Ndiyo, na ninachokisema leo nimejifunza kwake kwanza. Mtazameni anavyokasirika. Mlimwona lini akicheka kabla yenu?

Naona mshika saa ananionyesha vidole viwili, naye haoni huruma. Nilitaka kuwasomesha tukio la Shelleen kujiandaa kwa pambano, anavyoogeshwa, anavyokazwa kiuno, anavyovikwa nguo nyeusi kama bwana harusi. Litazameni wenyewe. Pale hakuna anayecheka, na ukumbi unanyamaza kwa heshima. Utakuta mmeshampenda bila kujijua.

Jane Fonda, haraka. Ndiye Catherine, ndiye stelingi, na wengi wanadhani hafanyi lolote. Anafanya kazi ngumu kuliko zote: anayaamini yote. Angetabasamu mara moja tu kwa ajili yetu, Marvin angegeuka kichekesho cha barabarani.

Na mwimbaji Nat King Cole, ambaye nilipaswa kumpa nusu saa, mnisamehe. Yeye na Stubby Kaye wanapita na banjo zao katikati ya hadithi wakiimba habari za Cat Ballou, na watu wa mjini hawawaoni. Mtasema Mweusi anatafuta nini kwenye kaboi? Walikuwepo! Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee, akachunga ng'ombe nyanda zile, akaandika maisha yake kwenye kitabu mwaka 1907. Sinema ndiyo iliyowafuta. Na huyu Cole alikuwa na kipindi chake cha televisheni mwaka 1956 hadi 1957, kikafa kwa sababu hakuna kampuni kubwa ya kitaifa iliyokubali kukidhamini. Mwaka huo huo wa 1956 wazungu walimvamia jukwaani Birmingham, Alabama, akiwa katikati ya wimbo.

Alifariki tarehe 15 Februari 1965 kwa saratani ya mapafu, miezi michache kabla picha haijatoka. Walipokuwa wanapiga tukio mtakaloliona sasa hivi, ugonjwa ulikuwa tayari kifuani mwake. Anatembea na banjo, anatabasamu, anaimba habari za binti anayesubiri kitanzi, na kila neno linasikika mpaka herufi ya mwisho. Wa nyuma, zimeni feni hiyo kidogo, inapiga kelele.