Msiniambie Alikwenda Mwenyewe

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Wazee wa mtaa, kina mama, vijana mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kuja hapa Tononoka, Mombasa, na jua hili. Wengi mnanijua, mnajua nilikokwenda na nilivyorudi. Nimekuja na lile lile nililolisema Likoni, nikalirudia Majengo, nikalirudia Mtwapa: acheni kusema "alikwenda mwenyewe."

Mnalisema kila binti aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani anaporudi na mkono uliovunjika. Mnalisema hata matangani, maiti hajazikwa. Na mimi niliporudi nikaenda kupiga ripoti katika ofisi moja, afisa alisoma karatasi zangu, akazikunja, akaniuliza, "Si saini hii ni yako?" Nikamwambia ni yangu. Akasema basi, hapa hakuna kesi.

Sasa nisikilizeni saini ile ilivyopatikana. Aliyekuja kwetu ni mama wa mtaani, tunayemwamkia shikamoo, amejuana na mamangu tangu usichana wao. Hakuja na kamba wala panga. Alikuja na mahamri. Akasema kuna familia Saudia, watu wa dini, watoto wawili, kazi ni kupika na kufua, na mshahara utamaliza madeni ya nyumbani. Pasipoti, vipimo, tikiti, vyote juu yake. Mkataba wa kwanza niliusoma kituo kwa kituo, nikaukubali. Wa pili niliuona usiku, uwanja wa ndege Nairobi, wote kwa Kiarabu. Foleni inasonga, na kijana wa wakala yuko begani kwangu: tia saini, ndege inaondoka, na usipopanda mamako atalipa gharama zote. Mamangu, anayeuza viazi karai, angelipa na nini? Nikatia saini.

Kule nikakuta nyumba mbili za kusafisha, ya madamu na ya dadake. Pasipoti ilichukuliwa mlangoni, simu ikafuata. Nalala jikoni, naamshwa wakati wowote mtu akitaka chai. Mshahara wa kwanza ulikatwa wote, eti ni gharama za kunileta. Nilipoomba kurudi nyumbani nikaambiwa, "Mimi nimekununua, nirudishie pesa zangu." Mnaujua mfumo wa kafala: ikama yako, kile kibali cha kukaa nchini, imefungwa kwa kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini. Ukitoka bila idhini yake unaandikwa mtoro, na polisi wanamkamata mtoro, hawamkamati aliyemtesa. Mwaka 2021 Saudia ililegeza masharti kwa wafanyakazi wengi, lakini wa majumbani wakaachwa nje. Sasa niambieni, nilikubali wapi hapo? Nilikubali kupika na kufua kwa mshahara. Kufungiwa nilikubali lini?

Sheria ya Kenya yenyewe imejibu. Tunayo tangu 2010, sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Inasema mtu akipatikana kwa udanganyifu, kwa vitisho, au kwa kutumiwa unyonge wake, kukubali kwake hakuhesabiki. Hakuhesabiki, jamani! Na anayetiwa hatiani ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Siku afisa yule anakunja karatasi zangu, sheria hiyo ilikuwa imeshapitishwa. Haikuwa imefika mezani kwake, wala haikuwa imefika barazani kwetu. Ndiyo maana nimeishika, natembea nayo chuoni, kwenye vyama vya kina mama, kwenye baraza la chifu, na sitaiweka chini.

Najua mzee mmoja hapa anasema moyoni, huyu anataka kuwafungia watoto wetu riziki. Sitaki. Wako waliokwenda wakarudi wakajenga, Mungu awazidishie. Na kufunga safari tumeshakujaribu: mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kwenda Saudia kufanya kazi za ndani, mawakala wakawapitisha wasichana nchi jirani, na walioumia hatukujua hata walipo. Ninachotaka ni aendaye aende na macho yake. Kampuni itafutwe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hamjatoa hata shilingi. Nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki nyumbani. Na mkataba wowote unaotolewa uwanja wa ndege, binti arudi nao nyumbani, hata kama tikiti inaungua.

Mwingine atasema nawapaka matope Waarabu na Waislamu. Aliyenitoa katika nyumba ile ni jirani, Mwarabu, mwanamke aliyehatarisha jina lake kwa ajili yangu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Dini imeshamaliza, dhuluma ni ya watu. Hata hapa Nyali kuna watoto walioletwa kutoka vijiji vya Kilifi na Kwale kwa ahadi ya shule, wanalea watoto wenzao. Tena wanapita Kengeleni kila siku, pale penye kengele ya Frere Town, mji uliojengwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa! Ukimwona mtoto wa namna hiyo piga 116, ni bure.

Nilitaka kuwaeleza habari za vijana wa kompyuta, walioahidiwa kazi Thailand wakavushwa hadi Myanmar kufanyishwa utapeli wa mtandaoni. Wenye shahada zao, kwa hiyo msidhani hii ni shida ya kadama, mtumishi wa nyumbani, peke yake. Na kuna mfuko wa kuwasaidia waathiriwa, umo katika sheria hiyo hiyo. Habari za mfuko huo mwulizeni MCA wenu, yule mjumbe wa bunge la kaunti, waulizeni na wabunge; mimi nimeona mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi nimalizie hivi. Mzazi mwenye binti aliye na tikiti mwezi huu, usitoke. Wakili yupo pale mezani mpaka saa kumi, na maalim yupo wa kutusomea Kiarabu. Leteni mikataba, tuipitie ukurasa kwa ukurasa. Kama wakala amekataa kuwapa nakala, njooni hivyo hivyo, na jina lake mnipe.