Mwendesha Mashtaka wa London Hana Miaka ya Kugawa

Ndugu zangu waandishi, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilia na jambo hili, na leo nalilia tena, maana skripti ninazoletewa bado zina kosa lilelile: mwendesha mashtaka anayegawa miaka ya kifungo kama yuko Marekani.

Law & Order mnaijua. Ni tamthilia ya televisheni ya Dick Wolf, ilianza kurushwa na NBC ya Marekani mwaka 1990. Nusu ya kwanza wapelelezi wanamsaka mtu, nusu ya pili waendesha mashtaka wanapambana naye mahakamani. Mwaka 2009 ITV ya Uingereza ikaanza kuonyesha ya kwao, Law & Order: UK, na aliyepewa kazi ya kuihamisha ni Chris Chibnall. Mwanzoni hawakutunga visa vipya. Walichukua skripti zilizokwisha kuchezwa New York wakaziandika upya kwa ajili ya London. Ndiyo maana nawahimiza muitazame: ni nadra kupata kisa kilekile, kimeandikwa mara mbili, chini ya sheria mbili.

Watu wakiizungumzia kazi ile huanza na wigi na majoho. Jamani! Wigi ni shughuli ya idara ya mavazi, mwandishi hana deni nalo. Deni la mwandishi liko kwenye chumba kile kidogo ambamo watu wanapatana.

Katika skripti ya New York kuna onyesho ambalo ukiliondoa, kisa kizima kinakwama. Mshtakiwa na wakili wake wako upande huu wa meza, mwendesha mashtaka yuko upande ule. Anasema: kiri kuua bila kukusudia, nitapendekeza miaka sita. Wakili anasema mitatu. Mwendesha mashtaka anakusanya mafaili yake, anaelekea mlangoni. Mshtakiwa anamshika wakili mkono: "Subiri." Na hapo ndipo siri inapotoka, jina la aliyemtuma linatajwa, kisa kinageuka. Kilichomfungua mdomo ni ile miaka. Mwandishi wa Kimarekani ameweka bei mezani na watu wanavutana, kwa sababu kule mwendesha mashtaka kweli anayo bei ya kuweka.

Sasa peleka onyesho hilo London, neno kwa neno. Limekufa! Mwendesha mashtaka wa Crown Prosecution Service, ofisi ya mashtaka ya kule, hana miaka ya kugawa. Hana hata mmoja. Adhabu ni ya jaji. Tangu kesi ya Goodyear ya mwaka 2005, upande wa utetezi unaweza kumwomba jaji ataje kiwango cha juu cha adhabu atakayotoa iwapo mshtakiwa atakiri wakati huo. Lakini angalieni nani anaombwa: ni jaji, na maombi yanafanyika mahakamani. Chumba chetu kidogo kimebaki kitupu.

Mwandishi mvivu atafanya nini? Ataacha maneno yaleyale, atabadilisha majina, atasema "mtazamaji hajui sheria." Hoja hiyo nimeichoka. Mtazamaji wa London hajasoma kesi ya Goodyear, kweli, lakini ana mjomba aliyeshtakiwa, ana jirani aliyekaa kwenye baraza la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Anajua nani ana nguvu na nani hana. Ukimwonyesha mtu anagawa kitu ambacho si chake, haamini tena hata machozi ya mama wa marehemu.

Mwandishi mwenye bidii anauliza swali jingine: kama hana miaka, ana nini? Anacho kitu kimoja, nacho ni kizito. Anachagua shitaka. Uingereza, kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu kisheria, kifungo cha maisha, na jaji anabaki kupanga muda wa chini ambao mfungwa lazima autumikie. Kuua bila kukusudia kunamwachia jaji uwanja mpana. Kwa hiyo mwendesha mashtaka anaweza kukubali mshtakiwa akiri kosa dogo, ila lazima ajiulize mambo mawili ambayo mwongozo wao unayadai: je, ushahidi unatosha kuleta matumaini ya kweli ya kumtia mtu hatiani, na je, maslahi ya umma yanataka kesi hii iendelee? Umeona onyesho lilivyogeuka? New York swali lilikuwa utalipa kiasi gani. London swali ni: wewe uliyeshika faili hili, unaamini alikusudia kuua? Mnada umeondoka, imebaki dhamiri. Na kama una mwigizaji kama Ben Daniels, aliyecheza mwendesha mashtaka James Steel, utampa ukurasa mzima wa kusita, na hutajuta.

Nimesema hili kwa urefu na sioni haya. Hapa ndipo watu wanapoanguka.

Kuna mahali sheria ya Uingereza inakupa zaidi ya unachopoteza. Chumba cha mahojiano. Marekani, tangu hukumu ya Miranda ya mwaka 1966, mtuhumiwa akisema "nataka wakili", maswali yanakoma na onyesho linakatika. Uingereza wakili anaingia, anakaa kitako, mahojiano yanarekodiwa na yanaendelea. Na kunyamaza kuna gharama. Tangu sheria ya mwaka 1994, polisi wanamwonya mtu kwamba halazimiki kusema, lakini asipotaja sasa jambo ambalo baadaye atalitegemea mahakamani, huenda utetezi wake ukadhurika. Kimya peke yake hakimfungi mtu, lakini baraza la raia linaruhusiwa kukipima. Basi mwandishi amepewa zawadi! Mtu ananyamaza, na kila sekunde ya kimya ina uzito. Ongeza na saa: bila shitaka, polisi wana saa 24, ofisa wa juu anaweza kuzifikisha 36, na mahakimu hadi 96. Hiyo saa ya ukutani itumieni.

Mengine nayapitia mbio, naona mwenyekiti ananionyesha mkono. Mkuu wa waendesha mashtaka wa Manhattan anachaguliwa kwa kura, kwa hiyo anaogopa magazeti kabla ya uchaguzi. Wa London anateuliwa, lazima umtafutie hofu nyingine. Bastola: polisi wengi wa Uingereza hawabebi, kwa hiyo mlango hauvunjwi kwa namna ileile. New York ilirudisha hukumu ya kifo mwaka 1995, na visa vya miaka ile vinavyotegemea hukumu hiyo havihamishiki, kwa sababu Uingereza iliacha kunyonga wauaji tangu miaka ya 1960. Na ile nyundo ya jaji, tafadhali, iondoeni. Jaji wa Uingereza hagongi nyundo.

Kuna atakayeuliza kwa nini nawasumbua na London. Kwa sababu mahakama zetu zimezaliwa na sheria ya Kiingereza, lakini skripti zenu zimelelewa na televisheni ya Marekani. Baraza la raia 12 hatuna, ninyi mnaliandika. Makubaliano ya kukiri kosa yameingia kwenye sheria ya Kenya mwaka 2008 na ya Tanzania mwaka 2019, na kote kuwili mahakama ndiyo inayoyakubali au kuyakataa. Bado naletewa mwendesha mashtaka wa Dar es Salaam anayegawa miaka kama yuko Manhattan.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja. Chukueni onyesho lile la meza, mshtakiwa, wakili na faili. Lipelekeni mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Mwendesha mashtaka asitaje idadi ya miaka hata mara moja, na bado mshtakiwa aseme "Subiri." Kurasa tatu, si zaidi, na mnieleze pembeni ni kifungu gani cha sheria kinachomruhusu kila mmoja kusema anachosema. Karibuni kwa maswali.