Safu ya Umri: Vifo vya Watoto Wachanga katika Kisiwa cha St Kilda

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja. Leo nataka tuzungumzie safu moja tu ya daftari la vifo: ile ya umri. Watafiti wengi huiruka haraka ili wafike kwenye safu ya chanzo cha kifo. Mimi nawaomba tuanze hapo, tena tukae hapo.

St Kilda ni visiwa vidogo vya Scotland, zaidi ya kilomita 60 baharini, magharibi ya visiwa vya Hebrides. Watu waliishi kwenye kimoja tu, Hirta, wakila ndege wa baharini na mayai yao, wakifuga kondoo na kulima vipande vya ardhi. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walikuwa watu 70 na kitu. Usajili wa vizazi na vifo ulipoanza kote Scotland mwaka 1855, nao waliingizwa, ingawa kisiwani hapakuwa na daktari. Kwa hiyo chanzo cha kifo kiliandikwa na asiye mganga, kwa kusikia maelezo ya wazazi. Safu hiyo isomwe kwa tahadhari kubwa. Umri ni jambo jingine. Mama aliyezaa Jumatatu na kuzika wiki iliyofuata hakosei hesabu ya siku.

Na siku hizo zinatisha. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa hai hawakufikisha mwezi. Wenyeji walijua jambo hili kuliko mtu yeyote, na walikuwa na jina lake: ugonjwa wa siku ya nane. Mtoto alizaliwa mzima, akalia, akanyonya. Baada ya siku chache taya likakaza, akashindwa kushika ziwa, mwili ukakakamaa, na muda si mrefu akafa.

Waliotoka nje walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema ni ndugu kuoana na ndugu. Wapo waliolaumu chakula cha ndege chenye mafuta mengi. Wapo waliosema ni mapenzi ya Mungu, wakaishia hapo. Sasa rudini kwenye safu ya umri. Kama tatizo lingekuwa damu dhaifu au maziwa mabovu, vifo vingetawanyika: mmoja siku ya kwanza, mwingine mwezi wa tatu, mwingine mwaka wa pili. Havikutawanyika. Vilirundikana katika wiki mbili za mwanzo, na aliyevuka hapo alikuwa na matumaini ya kweli ya kukua. Rundo la namna hiyo linaelekeza kwenye jambo linalotokea wakati wa kuzaliwa na kuchukua siku kadhaa kujitokeza. Linaelekeza kwenye kitovu.

Ni pepopunda. Kijidudu chake hukaa katika udongo na samadi, nacho huingia kwa kitovu kilichokatwa au kufungwa kwa kitu kichafu. Hadi leo wahudumu wa afya huitambua kwa dalili ile ile: mtoto alinyonya na kulia vizuri siku mbili za kwanza, kisha akashindwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 kasisi Angus Fiddes alifika kisiwani. Alizika watoto, na hakukubali kuendelea kuwazika tu. Alikwenda Glasgow kujifunza usafi wa uzazi na matumizi ya dawa za kuua vijidudu, akarudi kufundisha namna ya kutunza kitovu. Wapo waliompinga. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa siku ya nane ukakoma. Namheshimu sana mtu huyu, na ninawaheshimu vilevile wanawake waliokubali kuacha desturi ya mama zao kwa ajili ya mtoto aliyekuwa bado tumboni.

Neno kwa mtakaofanya kazi ya namna hii. Katika jamii ndogo usihesabu mwaka mmoja mmoja, maana watoto wawili au watatu waliozaliwa mwaka huo hawatoi asilimia yenye maana. Unganisha miongo. Halafu panga vifo kwa mama. Majina ya koo za Hirta yalikuwa machache, Gillies, MacDonald, Ferguson na mengine kidogo, lakini rekodi za Scotland huandika pia ukoo alikozaliwa mama, na kwa hilo unaweza kumfuata mwanamke mmoja uzazi hadi uzazi. Hapo ndipo utakapoona nyumba iliyozika mara nne mfululizo, jambo ambalo wastani wa kisiwa kizima hauwezi kukuonyesha.

Na waulizeni wasioandikwa. Waliozaliwa wafu hawakusajiliwa Scotland hadi mwaka 1939. Wakati huo Hirta ilikuwa imeshahamwa: watu 36 waliobaki waliondolewa tarehe 29 Agosti 1930. Watoto hao hawamo katika daftari lolote la vifo la kisiwa hicho, na kila hesabu tunayoifanya ni pungufu kwa idadi yao.