Jaribio Linalopaswa Kutangulia Safari ya Mirihi

Wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuitumia Jumamosi yenu hapa, asanteni kwa kuja.

Leo nataka kuwashawishi kwamba, kabla ya kumpeleka mtu kwenye sayari ya Mirihi, tumzungushe kwanza angani karibu na Dunia, ili tujue mwili wake unahitaji uzito kiasi gani. Nitaanza na mgonjwa. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya mwanaanga mmoja, jina hawakulitaja, aliyekuwa kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa. Alikuwa amekaa huko kama miezi 2. Haumwi popote, anafanya kazi zake kama kawaida. Siku hiyo alikuwa akijipima mishipa ya shingo kwa ultrasaundi, kwa ajili ya utafiti tu, na kipimo kikaonyesha damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto. Dawa ya kuzuia damu kuganda ilikuwapo kituoni, ila chupa zilikuwa za kuhesabu, ikabidi zitumiwe kwa kubana mpaka chombo cha mizigo kilipoleta dawa nyingine. Alirudi Duniani salama.

Kwa nini damu igande shingoni kwa mtu mzima mwenye afya? Hapa tulipo, ukisimama au ukikaa, damu ya kichwani inateremka yenyewe kurudi moyoni. Kule haina pa kuteremkia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima wanaanga 11, na katika 6 kati yao damu ya mshipa huo ilikutwa imesimama au inarudi nyuma. Mwanzoni kabisa mwa safari, majimaji ya mwili hupanda juu: uso unavimba, miguu inakonda. Wengine hurudi nyumbani mishipa ya fahamu ya macho imevimba, mboni imebonyea kwa nyuma, na wanahitaji miwani ambayo hawakuihitaji walipoondoka.

Mifupa nayo. Mfupa hujijenga kwa kubebeshwa mzigo. Ukiuondolea mzigo, mwili unaanza kuubomoa na kuitoa kalsiamu yake kwenye mkojo. Angani, mifupa ya nyonga hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 kwa mwezi. Kwa hiyo wanaanga hufanya mazoezi saa 2 hivi kila siku, wamefungwa mikanda inayowavuta kuelekea mashine ya kukimbilia ili wasielee. Mazoezi hayo yamewasaidia sana, sitaki mtu atoke hapa akidhani nayadharau. Lakini hayatibu macho, wala hayaishushi damu ya shingoni. Tunapambana na dalili moja moja, wakati chanzo chake chote ni kimoja.

Chanzo hicho ni nini? Wengi tulifundishwa kwamba juu kule hakuna mvutano, yaani ile nguvu ya Dunia inayotuvuta chini. Sivyo. Kituo kiko kilomita 400 hivi kutoka usawa wa ardhi. Kama tungeweza kujenga mnara wa kimo hicho, ukapanda na mizani ya springi, ungekuta uzito wako umepungua kwa asilimia 11 hivi tu. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Wanakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kwa kasi hiyo, kila wanapoanguka kidogo, Dunia nayo imeshapinda chini yao kwa kiasi kile kile. Hakuna kinachowazuia wasianguke, yaani hawana sakafu inayowasukuma nyayo kwenda juu. Na msukumo huo wa sakafu ndio mwili unaouita uzito.

Basi tuwape sakafu. Mnajua matatu inapokata kona kwa kasi: ubavu wako unabanwa kwenye ukuta wa gari. Wewe ulitaka kwenda moja kwa moja, ukuta unakulazimisha ufuate kona. Sasa ichukue kona hiyo usiimalize, iwe duara kamili, na ule ukuta uusimamie kwa miguu. Huo ndio mvutano wa kutengeneza. Chombo cha umbo la gurudumu kinazunguka, watu wanaishi upande wa ndani wa ukingo, vichwa vikielekea katikati. (Dunia yetu nayo inazunguka, ila sisi tumekaa upande wake wa nje, kwa hiyo mzunguko unatupunguzia badala ya kutuongezea. Hapa karibu na ikweta, mtu wa kilo 70 anapunguziwa kama gramu 240 kwenye mizani ya springi.)

Fizikia yake mwanafunzi wa kidato cha tano anaiweza. Ukiongeza nusukipenyo mara mbili, uzito unaongezeka mara mbili. Ukiongeza mizunguko mara mbili, uzito unaongezeka mara nne. Kupata uzito kamili wa hapa Duniani kwa mzunguko 1 kwa dakika, kunahitajika nusukipenyo cha karibu mita 894. Kwa mizunguko 2, mita 224. Kwa mizunguko 4, mita 56. Kwa mizunguko 10, mita 9 tu.

Kwa nini basi tusichukue hizo mita 9, tukajenga kitu kidogo cha bei nafuu, tukakizungusha haraka?

Jibu liko ndani ya sikio. Miaka ya 1960, huko Pensacola katika jimbo la Florida, daktari wa jeshi la majini la Marekani, Ashton Graybiel, aliwaweka watu katika chumba kidogo kinachozunguka, wakala humo na kulala humo kwa siku kadhaa. Kwa mzunguko 1 kwa dakika karibu kila mtu alikuwa sawa. Kwa mizunguko 10 walitapika na kushindwa kazi. Ukigeuza kichwa ndani ya kitu kinachozunguka, majimaji ya sikio la ndani yanasukumwa kuelekea upande ambao wewe hukugeukia. Macho yanatoa habari hii, sikio linatoa ile, na kichefuchefu kinafuata. Habari njema ni kwamba ubongo hujifunza. Majaribio ya baadaye katika Chuo Kikuu cha Brandeis yalionyesha kwamba watu wanaweza kuzoea hata mizunguko 10, wakizoeshwa hatua kwa hatua.

Lakini sikio likizoea, bado kuna mwendo. Katika gurudumu lile la mita 9, ukitembea kwa hatua za kawaida kufuata mzunguko, uzito wako unaongezeka kwa theluthi moja. Geuka urudi ulikotoka, unapungukiwa na karibu theluthi moja. Angusha kikombe, hakitui miguuni pako, kinatua pembeni. Na kichwa chako, kwa kuwa kiko karibu zaidi na katikati, kina uzito mdogo kuliko nyayo zako. Ndiyo maana mimi nina imani zaidi na duara kubwa linalozunguka polepole.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliliandika zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1952 mhandisi wa roketi Wernher von Braun alipendekeza gurudumu la kipenyo cha mita 76, mizunguko 3 kwa dakika, nitarudi kwake. Mwaka 1975 wataalamu waliokutana California walichora mji wa watu 10,000 ndani ya pete ya kipenyo cha karibu kilomita 1.8. Michoro tunayo tele.

Vitendo je? Septemba 1966, wanaanga wa Marekani Pete Conrad na Richard Gordon walikuwa ndani ya chombo cha Gemini 11. Gordon alitoka nje, akahangaika kufunga kamba ya mita 30 kati ya chombo chao na roketi ya Agena waliyokuwa wameungana nayo. Alitoka jasho hadi likamziba macho, Conrad akamwita arudi ndani kabla ya muda. Baadaye waliachana na Agena, kamba ikanyooka, wakaanza kuzungushana taratibu, mzunguko mmoja ukichukua dakika 6 hivi. Miili yao haikuhisi kitu. Lakini kamera waliyoiachia karibu na dashibodi iliondoka yenyewe, ikaenda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma. Ilikuwa imepata uzito, chini ya sehemu 1 kwa 1,000 ya uzito wake wa hapa.

Mwaka 1973 Conrad huyo huyo aliongoza kikosi cha kwanza kuishi ndani ya kituo cha Skylab. Humo kulikuwa na pete ya makabati iliyozunguka ukuta, kipenyo zaidi ya mita 6. Yeye na wenzake wakagundua kwamba wakikimbia juu ya pete hiyo, kasi yao yenyewe inawabana miguu kwenye makabati, na wanakimbia kweli, duara baada ya duara. Hadi leo hakuna chombo kilichobeba watu ambacho kimezungushwa mpaka wakasimama kwa miguu yao. Waliokaribia ni hao waliojizungusha wenyewe kwa mbio.

Wanyama wamepata zaidi. Mwaka 1977 Wasovieti walirusha panya katika chombo cha Kosmos 936, baadhi yao wakizungushwa. Mwaka 2016 Wajapani waliwaweka panya 12 angani kwa siku 35, nusu wakielea, nusu wakizungushwa hadi uzito wa Duniani. Waliozungushwa walibaki na misuli na mifupa yao. Baadaye walijaribu uzito wa Mwezini, sehemu moja ya sita ya wetu. Misuli haikusinyaa, lakini aina ya nyuzi zake ilibadilika hata hivyo. Hapo ndipo nataka mtulie nami. Kipimo kile kilitosha kwa jambo moja, hakikutosha kwa jingine. Kwa hiyo swali la kweli ni dozi: uzito kiasi gani, kwa muda gani, kwa kiungo kipi?

Chumba cha kujibu swali hilo kilishaanza kuundwa. Japani ilikuwa ikikitengeneza kwa ajili ya Kituo cha Kimataifa, chenye mashine ya mita 2.5 ya kuzungusha wanyama na mimea kwa kiwango chochote unachotaka. Mwaka 2005 mradi ulifutwa, na bodi lake limewekwa nje, kwenye uwanja wa kituo cha anga cha Tsukuba. Linaniuma jambo hilo. Mwaka 2019, mjini Köln, Ujerumani, watu 24 walilazwa kitandani siku 60, kichwa kikiwa chini kuliko miguu ili kuiga hali ya mwili angani, baadhi wakizungushwa nusu saa kila siku kwenye mashine fupi. Nusu saa haikutosha kuwalinda.

Sasa tazameni Mirihi. Safari ya kwenda ni miezi 6 hadi 9. Anayerudi kutoka kituoni leo hupokelewa na madaktari, akabebwa kutoka kwenye chombo. Kule hakuna wa kumbeba. Na akishatua, atapata asilimia 38 tu ya uzito wa Duniani, muda wote atakaokaa. Chombo unaweza kukizungusha, sayari huwezi. Wapo wanaozungumzia familia na watoto huko. Hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kuishi mwezi mmoja katika asilimia 38. Kupeleka watu wakae, wazae, bila kujua hilo, mimi nasema ni makosa makubwa.

Na kujua kunawezekana. Kumbukeni gurudumu la von Braun: nusukipenyo mita 38, mizunguko 3 kwa dakika. Pigeni hesabu, mtapata asilimia 38, uzito wa Mirihi hasa. Hatuhitaji gurudumu zima. Vyombo 2 vyenye uzito sawa, kamba ya mita 170 kati yao, mizunguko 2 tu kwa dakika ambayo sikio linaivumilia: asilimia 38 hiyo hiyo. Viwe katika obiti ya karibu, yaani vikiizunguka Dunia kwa umbali mdogo, ambako mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Watu wanne, miezi 6, wapimwe nyonga, macho na mshipa ule wa shingo kabla, katikati na baada. Wakirudi wazima, waende. Wakirudi wamedhoofika, tuongeze mizunguko, tujaribu tena, na Mirihi isubiri.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na huyo binti wa safu ya pili.