Uliza Mkono Kabla ya Kuuliza Bei

Habari za jioni, jamani. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Wapiga picha wawili wakikutana, swali la kwanza ni megapikseli ngapi, yaani picha ina vitone milioni ngapi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza, "Inashikika?" Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, mpaka harusi moja iliponitia adabu.

Nilikuwa nimenunua kamera ndogo, nyepesi, sifa zake tele. Nikaifunga lenzi yenye uzito wa kilo moja na ushei. Basi ikawa inainamia mbele muda wote, na pa kushikia pafupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Saa ya kwanza huoni kitu. Saa ya nne, kifundo cha mkono kinawaka moto. Bibi harusi anatolewa, vigelegele juu, nami kamera iko kiunoni najinyoosha vidole! Picha ile sina mpaka leo. Mama yake alipoiulizia, nilikohoa.

Kwa hiyo kamera inaweza kuwa nyepesi kwenye mizani na bado ikautesa mkono. Mwili mnene kidogo, vidole vyote vikipata mahali, ungenifaa zaidi siku ile.

Lakini uzito nao si wa kupuuza. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz kule Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu na alipenda kutembea milimani. Kamera za zama zake zilikuwa masanduku ya kubebea sahani za vioo. Kifua hakikumruhusu. Akatengeneza ndogo ya kutumia mkanda wa sinema wa milimita 35, na mwaka 1925 Leica ikaingia sokoni. Ugonjwa wa mtu mmoja ukatupa sote kamera ya kutembea nayo.

Mjapani Yoshihisa Maitani wa kampuni ya kamera ya Olympus alinipendeza zaidi. Kamera yake ya mwaka 1972, iliyokuja kuitwa OM-1, ilikuwa na uzito wa kama nusu kilo. Lakini tazameni alipoliweka gurudumu la kasi ya shata, kile kilango kinachofunguka kupitisha mwanga: si juu ya kamera, bali kuizunguka shingo ya lenzi. Mkono wa kushoto, ambao tayari umeishika lenzi, ndio unaozungusha. Jicho halitoki kwenye kitundu cha kutazamia. Mtoto anacheka, unabadilisha kasi, bado anacheka, unapiga. Raha ya picha kwangu iko hapo: kutoikumbuka kamera.

Kamera za sasa zimefukia mambo ndani ya menyu. Ukizama kukitafuta kitu kimoja, ukiinua kichwa mtoto keshaanza kulia.

Halafu kuna sisi tunaotazama kwa jicho la kushoto. Pua inalala kwenye skrini, na kama skrini ni ya kugusa, pua ndiyo inayochagua kipi kionekane vizuri. Nina pazia moja nimelipiga safi kabisa, nyuzi unazihesabu, na bwana harusi mbele yake ukungu mtupu. Izimeni hiyo ya kugusa.

Pale mezani nimeweka kamera tatu. Bei sizitaji. Njooni mmoja mmoja, fumba macho, shika, tafuta kitufe cha kupigia, kisha gurudumu la mwanga. Ishikilie hivyo usoni dakika tatu kamili. Mama wa kilemba cha kijani, anza wewe.