Moyo Mbio, Dawa Polepole: Mazungumzo na Wagonjwa wa Tezi ya Shingo

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi vijana hamjambo. Nimeombwa nizungumzie tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi, lakini nitaanzia moyoni, kwa sababu wengi wenu mlikuja kliniki mkidhani moyo ndio mbovu. Hamkukosea sana. Mwaka 1835 daktari wa Dublin, Robert Graves, ambaye ugonjwa wa wengi wenu umepewa jina lake, aliandika habari za wanawake waliosumbuliwa na moyo kudunda kwa nguvu kwa muda mrefu, na shingo zao zilikuwa zimevimba. Mpaka leo moyo ndio unaotangulia kulalamika.

Sasa niwaulize: nani hapa ameanza vidonge vya kabimazoli, wiki mbili zikapita, na moyo bado unapiga kama ngoma ya chakacha? Naona mikono. Na nani aliongeza kidonge bila kumwambia daktari? Aa, mikono imeshuka, lakini macho yenu nayaona.

Sikilizeni. Nyote mna tangi la maji juu ya paa, na maji ya Mombasa mnayajua. Mfereji wa mtaani ukifungwa leo, jikoni hapakauki leo. Mtaoga na kupika mpaka tangi liishe. Tezi nayo ina tangi lake. Kabimazoli inafunga mfereji tu, yaani inazuia homoni mpya isitengenezwe. Iliyokwisha kuwekwa akiba haiigusi, na akiba hiyo hutosha wiki kadhaa. Hata ile T4, yaani homoni kuu ya tezi, iliyokwisha kuingia kwenye damu huchukua kama wiki nzima kupungua nusu. Kwa hiyo nafuu huanza kuonekana wiki ya tatu, ya nne, wengine ya sita na kuendelea. Dawa haijalala. Tangi bado lina maji.

Kuna mama mmoja alipewa miligramu 20 kwa siku. Wiki ya pili akaona dawa hii bure, akameza 40, na kliniki hakurudi. Mwezi wa tatu wa dawa aliletwa na binti yake: anajifunika shuka mwezi wa Februari, na joto letu la Februari mnalijua, uso umejaa, anasinzia kitini. Tangi lilikuwa limekauka. Tukapunguza dawa, homoni ikapanda, moyo ukaanza upya, tukarudi tulikotoka. Ndiyo maana tunawaita mpimwe damu kila wiki 4 hadi 6 huku dozi ikirekebishwa. Na mkiona TSH, ile homoni ya kichwani inayoiamrisha tezi ifanye kazi, kwenye karatasi imebaki chini kabisa, msiogope: inaweza kuchelewa kwa miezi hata T4 ikiwa imetulia. Ila mnaokula vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, semeni kabla ya kutoa damu, maana huvuruga majibu.

Sasa hizo wiki za kungoja tunapitaje? Hapo ndipo tunapotoa propranololi. Haitibu tezi, inauziba moyo masikio usisikie kelele za homoni. Inaanza kazi siku hiyo hiyo, lakini nguvu yake ni ya saa chache, ndiyo maana mnaandikiwa mara tatu au nne kwa siku. Anayemeza ya asubuhi peke yake, kisha akaniambia moyo unamwamsha saa nane za usiku, jibu analo mwenyewe. Mwenye pumu aseme mapema, asipewe dawa hii, inabana kifua. Anayejidunga insulini ajue kwamba inaficha ule mtetemo unaomjulisha sukari imeshuka. Jasho hubaki, alisikilize jasho. Wala msiiache ghafla kwa kuwa mmejisikia vizuri. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Na hapa kwetu siwezi kupita bila kutaja miraa na muguka. Najua, najua, mzee pale nyuma ananuna. Lakini miraa inausukuma moyo ule ule tunaojaribu kuutuliza. Kahawa tungu vilevile, na baadhi ya dawa za mafua za kufungua pua. Mtu anameza propranololi kwa mkono wa kulia, kushoto ana kitita!

Kitu ninachokitaka kwenu ni daftari. Kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, hesabu mapigo kwa dakika nzima, uandike. Ukiniambia "daktari, moyo unakwenda mbio", sijui nifanye nini. Ukinionyesha 118, wiki inayofuata 104, kisha 92, najua tangi linapungua na dozi tuiache ilivyo. Sikiliza na mpangilio: yakipiga ovyo, moja ndefu, mbili fupi, hayana wimbo, njoo upigwe kipimo cha umeme wa moyo. Huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu ikituama humo huganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Wazee hasa.

La mzaha sasa hakuna. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa, koo likauma au vidonda mdomoni, acha kidonge siku hiyo na upimwe damu siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa hii, mara chache, huangusha askari weupe wa damu. Na kifua kikiuma, ukizimia, ukishindwa kupumua, au moyo ukienda mbio pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo.

Haya, maswali baadaye. Kwanza kila mtu ageuze kiganja juu. Vidole viwili, si kidole gumba, chini ya gumba la mkono wa pili. Umeupata? Mama, sogeza kidogo... hapo. Nitatazama saa mimi. Tunaanza sasa.