Fundi Hakukosea Mwimo

Shikamooni wazee wangu. Mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema mpaka lieleweke: si kila jicho la mzee linalofifia lina mtoto wa jicho. Kuna na ugonjwa wa uzeeni wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Shangazi yangu kule Hombolo aliamka akaona mwimo wa mlango umepinda. Akamgombeza fundi seremala. Fundi akaleta timazi, akapima mbele yake: mwimo umenyooka. Baadaye akimtazama mjukuu anaona masikio, pua haioni. Kwenye kituo kimoja cha afya akaambiwa ni mtoto wa jicho, asubiri akomae. Akasubiri mwaka mzima! Nilipomfikisha kwa bingwa wa macho, jicho la kulia lilishaota kovu. Linaniuma mpaka leo. Timazi ilishatoa jibu siku ile: kilichopinda ni jicho.

Katikati ya retina huota mishipa mibovu ya damu, inavuja. Sindano huizuia isiendelee kuota na kuvuja, kovu haifuti. Jicho la kushoto lilipoanza, tuliliwahi, na shangazi anachambua mchele mwenyewe.

Najua mnasema moyoni, sindano ndani ya jicho, Mungu apishie mbali! Jicho hutiwa matone ya ganzi, likasafishwa kwa iodini. Sindano nyembamba hupita kwenye weupe, si kwenye mboni, na dawa yenyewe ni mililita 0.05. Sekunde chache tu. Likiuma sana au likififia siku zinazofuata, rudi siku hiyohiyo.

Tena mtasema dawa ya sindano hiyo, Avastin, ni ya saratani. Kweli, Marekani iliidhinishwa mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Lakini mwaka 2011 utafiti uliilinganisha na Lucentis, dawa nyingine ya sindano ya jicho, ya bei kubwa mno, na baada ya mwaka mmoja wagonjwa waliodungwa kila mwezi walikuwa wanaona sawasawa. Kwa kawaida huanza sindano tatu, moja kila mwezi, kisha daktari anapanga. Ukipata nafuu ukaacha kurudi, mishipa inavuja tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sigara inauchochea ugonjwa huu, acheni. Vitamini, siku nyingine. Ila hatutoki kabla ya hili: funika jicho la kushoto kwa kiganja, tazama nondo za dirisha lile. Usilibonyeze, babu. Haya, badilisheni. Nani ameona nondo imepinda? Nyoosha mkono, nakuja hapo ulipo.